Viatu Vizito vya Duka la Lorna

Lorna alikata uzi kwa meno na kuweka kiatu cha pili juu ya kaunta. Vilikuwa viatu vya ngozi iliyofukizwa moshi, vya binti yake Maisie, ambaye alfajiri ya kesho yake angetolewa nje. Ushanga aliutia Bibi Harriet, bibi yake Lorna, aliyefundisha duka zima kushona. Sasa alikuwa amekaa dirishani, miguu imevimba.

Mtoto wa Wakri, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, hakanyagi ardhi ya nje mpaka siku yake ifike. Akiachiwa kabla, anapaa taratibu, kwa hiyo hubebwa. Siku ikifika hutoka katika hema la sherehe kwa miguu yake, hupita juu ya matawi ya msonobari, na bibi wa ukoo huiambia ardhi huyu ni wa nani. Ndipo anatua.

Jioni muuguzi wa zahanati alikuja kusema nafasi ya Bibi imepatikana kwenye ndege ya usiku huo.

“Figo hazisubiri karamu,” alisema. “Mashine ya kusafisha damu iko kusini.”

“Na huku tuna nini?” Lorna aliuliza.

“Mna ombi la mashine. Limepokelewa.”

“Limepokelewa tangu babu yangu yu hai!”

Bibi Harriet alivaa koti. “Nitaongea na ardhi kwa simu. Masikio yake si mabovu kama ya huyu.” Alimwonyeshea kidole shemeji yake Abner, aliyekuwa akinywa chai.

“Nimekusikia,” Abner alisema.

“Matusi ndiyo unasikia.”

Alfajiri upepo ulivuma kutoka mtoni. Lorna alimshika Maisie kiunoni kwa nguvu hadi mtoto akalia. Abner alipiga magoti, akailaza simu juu ya matawi. Sauti ya Bibi ilitoka dhaifu, ikataja jina la mama yake, na la mama wa huyo mama. Mguu wa kushoto wa Maisie ukatua. Kisha simu ikakatika.

Walipopiga tena, hospitali ikajibu kwamba mgonjwa yuko kwenye mashine, asisumbuliwe. Mguu wa kulia ulibaki hewani. Upepo ukauinua zaidi, Lorna akaudaka.

“Mwachie atembee,” Abner alisema.

“Nikimwachia ataishia wapi, Babu?”

Abner aliiokota simu. Watu walikula bata bukini, wakausifu ushanga, wakaenda zao.

Wiki iliyofuata Lorna alishonea vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu ndani ya soli ya kulia. Maisie akatembea, akiburuza mguu kidogo. Jirani ambaye mama yake naye alipelekwa kusini aliagiza jozi kwa mwanawe. Hiyo ilitaka risasi pande zote mbili, maana mtoto huyo hakusemewa kabisa. Akaja mwingine, na mwingine. Ndege iliendelea kubeba wazee. Kufikia vuli duka lilikuwa halijawahi kuuza namna hiyo, na Lorna alimwajiri mtu wa kukata ngozi. Aliichukia kila jozi iliyotoka mlangoni.

Bibi Harriet hakurudishwa. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili aliuliza jambo lile lile.

“Alikanyaga?”

Maisie alikuwa peku sakafuni, ameinama upande, mguu mmoja ukielea.

“Alikanyaga, Bibi. Miguu yote miwili.”

“Basi nilisema vizuri.”

“Ulisema vizuri,” Lorna alijibu. Akauvuta mguu wa kulia mpaka chini, akaushikilia hapo hadi Bibi alipomaliza kucheka.