Yai la Leo kwa Muzazi

Mutoto wangu Chancelle alizaa Jumatatu, kwa kupasuliwa, katoto ka kike kenye nywele nyingi. Mpaka Jumatano alikuwa bado hajala kitu cha maana. Walimuletea supu ya samaki, akageuza uso. Walimuletea uji, akasema unanuka moshi. Muuguzi akatuambia bila kuzunguka kwamba mama asipokula, maziwa hayatakuja. Na kweli hayakuja. Katoto kalikuwa kanalia kwa sauti ndogo kama ya paka.

Hospitali haipikii wagonjwa. Wakubwa wa serikali wanapikiwa kwao, habari hiyo haiwafikii. Na kwetu, musichana akizaa, mama yake mwenyewe ndiye anamulisha siku za kwanza, si mama ya bwana yake. Lakini Constance, muke wangu, ana miaka miwili ndani ya udongo. Alikufa kwenye benchi, akingoja daktari ambaye alikuwa ameitwa kwenye mukutano wa wakubwa. Nitalisema hilo mpaka na mimi nilale.

Basi nafasi ilikuwa wazi, na Maman Gisèle, mama ya mukwe wangu Dany, akaingia ndani yake na termosi zake. Si mutu mubaya. Anafanya kazi ya biro, ya kukaa ofisini, anasema Kifaransa kizuri, na supu yake ina harufu ya supu. Lakini kila alipofungua termosi, mimi nilikuwa naona wanamuzika Constance mara ya pili.

Jumatano hiyo mangaribi, jua likizama, Chancelle alinishika mukono akasema, «Papa, nataka mayai ya maman.»

Constance aliuza mayai ya kuchemsha pale soko la Nyawera miaka makumi mbili. Yai lake lilikuwa linatoka katika ganda bila kidonda, laini kama shavu la mutoto, na Chancelle alikomaa kwa kula hayo mayai. Nikamuambia Maman Gisèle apumzike asubuhi ya kesho, nitaleta mimi. Sikusoma sana, lakini kuchemsha yai, nilijisemea, hakuombi diplome.

Mimi ni mutu wa Nyangezi. Kule, ukienda kumuona mutu aliyezaa, unamupelekea yai la leo, lingali na joto la kuku. La zamani ni dharau. Kwa hiyo Alhamisi, kabla jua halijatoka vizuri, niliingiza mukono chini ya kuku wangu hapa Bagira na kutoa mayai matano. Umeme ulikuwa umekwenda tangu siku tatu. Kwa robine ya maji ilitoka hewa tu. Wakubwa wa jana walituahidi maji, wa leo nao wanatuahidi, robine inakohoa vilevile. Nikashuka kwenye chemchemi na bidoni, nikawasha jiko la mbabula kwa makala ya kuni yenye unyevu, nikaweka mayai ndani ya maji baridi na kukaa kungoja.

Yaliiva. Lakini kuyavua maganda ilikuwa vita. Ganda lilikuwa linatoka na nyama yake, kipande kwa kipande. La kwanza nikalilaumu. La pili nikapunguza haraka. Lilipofika la tano, sahani ilikuwa imejaa vitu ambavyo huwezi kumuonyesha mutu. Nikavifunika kitambaa na kuvipeleka hivyohivyo.

Maman Gisèle alikuwa amekuja hata hivyo. Aliinua kitambaa, akatazama.

«Papa Chancelle, haya mayai yalipigana na nani?»

Wamama wote wa chumba wakacheka. Chancelle naye alicheka, huku ameshika kidonda chake. Kisha akachukua kipande, akakigusa na mudomo, akakirudisha. «Pole, papa. Hakishuki.» Katoto kakaanza tena kulia, na Maman Gisèle akafungua termosi, na Chancelle akageuza uso.

Nilitoka nje nikikasirikia kuku, makala, chemchemi, gavana na wote wenye kukalia viti. Nilipomaliza orodha, nilijua ni wapi ninapaswa kwenda. Tangu tumuzike Constance sikuwa nimekanyaga Nyawera. Nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisione nafasi yake.

Nafasi ilikuwapo. Adolphine, aliyeuza mayai pembeni yake miaka yote ile, alikuwa ameweka pale gunia lake ili mutu mwingine asikalie. Nilimueleza mambo yote nikiwa nimesimama. Akaniuliza mayai yalikuwa ya siku ngapi. Nikajibu kwa kifua kabisa kwamba yalikuwa ya asubuhi ile.

Adolphine alicheka mpaka akapangusa macho kwa pindo la kitenge.

«Shemeji, ni hapo ulijiharibia. Yai ya leo inashikana na ganda yake kama mutoto na titi. Iache juma moja, itakubali kuachana.»

Constance alikuwa anaweka mayai ndani ya kikapu chini ya kitanda chetu, siku saba, siku nane, ndipo anachemsha. Na mimi kila juma nilikuwa nagomba kwamba anaozesha chakula ndani ya nyumba ya mutu.

«Angeniambia tu,» nilisema.

«Alikuambiaka. Ulikuwa unasikiliza radio na kutukana bakubwa.»

Adolphine alitumbukiza mayai ndani ya beseni la maji na kunionyesha. La leo linalala chini kabisa. La juma moja linainua kichwa kidogo. Lenye kuelea, utupe. Nikachagua sita yenye vichwa juu. Nikamuomba anichemshie, akakataa.

«Mutoto aliomba ya mama yake. Nikipika mimi, itakuwa ya Adolphine.»

Basi nilipika mimi, katikati ya soko, watu wakipita na kunitazama, muzee mwenye kofia amechuchumaa mbele ya mbabula. Maji kwanza, mpaka yatokote kabisa. Ndipo mayai, moja moja, kwa kijiko. Nikamuuliza nitajuaje saa ya kuyatoa. Akasema nisali makumi matatu ya rozari, ni Salamu Maria makumi tatu, bila kukimbia, kama Constance.

Sasa, Constance alikuwa anasali rozari mbele ya sufuria yake kila asubuhi. Miaka yote nilifikiri ananiombea mimi. Nikamuambia Adolphine hivyo.

«Alikuwa anakuombea,» akasema. «Mayai nayo ilikuwa inaiva.»

Mimi sikuwa nimesali tangu mazishi. Nilikuwa nimemukasirikia Mungu pia, maana naye ni mukubwa. Lakini mayai yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya maji. Nikaanza Salamu Maria kwa sauti ya chini, na Adolphine akanijibu huku akihudumia wateja. Katika kumi la pili nilikwama. Aliendelea peke yake mpaka nikamufikia.

Kutoka motoni, mara moja ndani ya maji baridi, yapoe mpaka ndani. Kisha unagonga upande munene, pale penye hewa, na kuvua ndani ya maji, ili maji yaingie chini ya ngozi ile nyembamba. Nilijaribu moja. Ganda lilitoka vipande viwili. Lile yai lilibaki juu ya kiganja changu, jeupe, zima, na nililitazama muda murefu kupita akili.

Matano yaliyobaki niliyapeleka na maganda yake. Mbele ya kitanda cha Chancelle niliomba bakuli la maji, nikagonga, nikavua. Alikula la kwanza na chumvi, polepole. Akanyoosha mukono. Akala la pili, akanyoosha tena. Mama wa kitanda cha pembeni akauliza kama yanauzwa.

Maman Gisèle alifika na termosi mbili, akasimama mulangoni. Alitazama bakuli, akanitazama mimi, na nilikuwa tayari kwa neno lake. Lakini ni Chancelle aliyesema, mudomo ukiwa umejaa.

«Maman Gisèle, asubuhi ni ya papa. Mangaribi itakuwa yako.»

Maman Gisèle aliweka termosi zake chini ya kitanda. Akavuta kiti karibu na changu, akavua pete, akakunja mikono ya nguo yake ya biro.

«Nipe moja nijaribu,» akasema.

Nikamupa. Alianza na upande mwembamba, kama mimi asubuhi ile. Nikaligeuza yai ndani ya mukono wake.

«Hapa, maman. Polepole.»