Dirisha la Profesa Orcutt

Mwaka mzima Profesa Thaddeus Orcutt, mwalimu wa Kilatini katika chuo cha Wexley, jimbo la Ohio, alimtumia mjukuu wake postikadi. Hester ndiye jamaa pekee aliyembakia, naye mzee alitamani asome Wexley, asiende chuo cha mji mkuu kilichokuwa kikimwita pia. Kadi zilipakwa rangi za kupendeza: miti imechanua, ziwa limejaa mabata. Matope ya barabara kuu mpiga chapa alikwisha kuyafuta. Profesa, aliyewakemea wanafunzi miaka thelathini kwa kutia chumvi, hakuona kosa.

Juu ya kadi ya jengo kuu alifuata desturi ya wanachuo wote: alitia msalaba wa wino kwenye dirisha moja, akaandika, "Hapa ndipo ninapofanyia kazi." Alichagua ghorofa ya tatu, mrengo wa mashariki.

Mwezi Machi Hester alishuka garimoshi, kadi mkononi. Wakasimama mbele ya jengo, viatu vimezama topeni.

"Babu, mrengo wa mashariki uko wapi?"

Profesa alikohoa. Mchoraji wa kadi alikuwa amefuata ramani ya mjenzi, na mrengo wenyewe haukujengwa kamwe. Profesa hakuweza kusingizia kutojua. Alipita hapo kila siku.

"Umo kwenye ramani, mjukuu wangu."

"Kwa hiyo unafanyia kazi hewani?"

"Kama malaika. Ila malaika hawasemi uongo."

Akampeleka kulikokuwa na chumba chake hasa, chini ya ardhi, ubavuni mwa tanuri la makaa ya mawe. Akamketisha, akavua kofia kama mshtakiwa.

"Na ziwa?"

"Dimbwi. Mabata ni ya mchoraji."

"Na ile miti?"

"Bado mifupi, unaweza kuiruka. Mzee mzima nimejipamba kwa wino, Hester, kwa kuogopa kwamba hutakuja. Sasa ukienda zako, nitakuwa nimestahili."

Hester alinyoosha mikono kwenye tanuri, akiota moto.

"Wale wa mji mkuu nao wameniletea kadi yenye mnara," alisema. "Nimewaandikia mara mbili kuuliza kama upo. Wamenyamaza kimya." Akavua koti. "Mtihani wa kuingia hapa ni lini?"

"Kesho, saa tatu asubuhi."

"Nani anasahihisha Kilatini?"

"Mimi. Na sina huruma."

"Basi nipe kitabu, Babu, uache kujihurumia."