Kuandika kwa Shingo

Rimoti ya kwanza aliivunja jikoni, juu ya gazeti, kwa bisibisi ileile aliyokuwa akifungulia kamera za wateja. Kwenye ncha ya mbele ya rimoti, nyuma ya plastiki nyeusi, kulikuwa na kitaa kisichozidi punje ya mahindi, chenye kutoa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Alihitaji vitaa vitatu, na kila rimoti hubeba kimoja. Ndipo mzee huyo, mpiga picha wa studio kwa miaka thelathini na tano, alipopiga moyo konde akaenda kubisha mlango wa jirani yake mshonaji.

"Una rimoti mbovu?"

"Shemeji, juzi umeniomba sindano, leo rimoti. Unaunda ndege?"

"Naunda kalamu."

"Kalamu!" Mshonaji aliangua kicheko, kisha akakumbuka ingekuwa ya nani, na kicheko kikamkaukia mdomoni. Akampa rimoti mbili, na moja yake ilikuwa nzima.

Kalamu ilikuwa ya mkewe. Maisha yake yote mama huyo alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, na wapangaji chapa walikuwa wakisema kwamba huona mkato uliokosewa akiwa bado mlangoni, hajavua hata viatu. Ugonjwa ulipoingia mwilini mwake ulikwenda kwa utaratibu, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba: miguu, mikono, kisha sauti. Vilivyobaki ni macho na shingo. Kwa macho waliongea hivi: mume hutaja herufi moja moja, na mke huinua macho juu inapofika anayoitaka. Kuinua macho ni ndiyo. Kuyafumba ni hapana.

Asubuhi moja alitumia karibu saa nzima kumwambia kwamba anataka kumwandikia binti yao.

"Basi nitajie, mimi nitaandika."

Macho yakafumba. Kisha, herufi kwa herufi: *Barua ni yake. Si yako.*

Binti yao alikuwa nchi ya mbali, mwaka wa tatu sasa bila kukanyaga nyumbani. Yeye na mama yake walikuwa wameachana kwa maneno ambayo hakuna kati yao aliyemweleza baba. Mzee alikuwa amezoea kusimama katikati yao kama ukuta wenye masikio yaliyozibwa. Jibu la mkewe lilimuuma siku moja, akalimeza. Muuguzi aliyekuja kila wiki alimvuta kando akamwambia bila kuzungukazunguka, "Shingo nayo itakwenda, baba. Kama kuna jambo mnalotaka kulifanya, lifanyeni."

Hakulaza damu. Alifungua kamera ndogo ya kompyuta, akabandua kwa wembe kile kioo chembamba kinachozuia mwanga usioonekana. Sasa ilibidi aweke kitu cha kufanya kinyume chake: kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha ule mwingine. Kwa kazi hiyo hakuna kitu rahisi kama filamu ya rangi iliyoungua kwa mwanga kisha ikasafishwa ikawa nyeusi tii. Na filamu ya namna hiyo alikuwa nayo, ndani ya kopo la chuma, mahali ambapo mkewe alijifanya hapajui.

Zilikuwa picha za wiki ya kwanza ya binti yao duniani. Yeye, fundi aliyepiga picha za harusi za mtaa mzima, alikuwa amefungua mgongo wa kamera kabla ya kuirudisha filamu ndani ya kasha lake, mchana kweupe. Kwa miaka mingi mkewe alimtambulisha kwa wageni akisema, "Huyu ni mpiga picha wa kila mtu isipokuwa mtoto wake." Sasa mzee alikata vipande viwili vya ukubwa wa ukucha, akavipanga mbele ya lenzi. Kwenye skrini chumba kizima kikatoweka.

Vitaa vyenyewe alivisugua ncha kwa msasa ili mwanga utawanyike, akaviunga na betri ndogo na rizista ya kupunguza umeme, akavifunga kwa uzi kwenye fremu ya miwani ya mkewe: kimoja juu ya paji la uso, viwili kando ya masikio. Alipoviwasha havikuonyesha lolote. Ila alipovitazama kupitia simu yake, aliona nukta tatu za zambarau, maana kamera ya simu huona kisichoonwa na mtu. Alizuia jua kwa blanketi dirishani, akamvisha mkewe miwani, na kwenye skrini nyeusi zikatokea nukta tatu nyeupe. Mke aligeuza kichwa kidogo. Kishale cha kompyuta, kikiongozwa na kiprogramu cha bure cha kuandikia kwa kichwa alichokipakua mtandaoni, kikageuka naye.

Akamtazama mkewe. Macho yalikuwa yameinuliwa juu kabisa, yanang'aa.

Kanuni waliiweka pamoja. Kishale kikitulia juu ya herufi sekunde moja na nusu, herufi hujiandika na kompyuta hulia *tik*. Pembeni juu kuna mraba mwekundu wa kupigia kengele akichoka. Mume ataketi chumba hichohicho, lakini ataipa skrini mgongo, wala hatageuka ila kengele ikilia. Na mke aliomba jambo moja zaidi: kitufe cha kufuta kiwe kikubwa kuliko vyote, nacho kiwekwe kulia chini, pale kichwa chake kinapoegemea chenyewe bila kutumia nguvu.

"Kikubwa cha nini? Uandike au ufute?"

*Prufu,* alitaja kwa macho, *ni kufuta.*

Alicheka peke yake kwa niaba ya wote wawili, akakitanua.

Wiki tatu barua iliendelea. Mume aliketi akiutazama ukuta, akihesabu kwa sikio. *Tik.* Kimya kirefu. *Tik.* Kila asubuhi alipima kama kishale bado kinaifikia kengele, na kila baada ya siku mbili tatu hakikuifikia, naye akakiongezea wepesi kwenye mipangilio: kutoka nne hadi saba, kutoka saba hadi kumi na mbili. Hakumwambia. Alidhani anaficha. Lakini mtu aliyeona mkato uliokosewa tokea mlangoni hawezi kushindwa kuona kwamba shingo inakwenda kidogo na kishale kinakwenda mbali.

"Imefika wapi?" aliuliza siku moja, akijifanya anakunja nguo.

*Kurasa mbili,* alijibu kwa macho. *Bado neno kuu.*

Siku ya mwisho aliufikisha wepesi kwenye ishirini, na baada ya ishirini mipangilio haikuwa na kitu. Kishale kilitetemeka, kikapanda taratibu, kikagusa kengele. "Umeona? Bado tupo," akasema, akaketi akageuza mgongo.

Mwanzoni kulikuwa kimya. Kisha *tik*. Kisha nyingine, na nyingine, kwa mwendo mmoja usiokatika, kama cherehani ya jirani yao. Hajapata kumsikia akiandika hivyo. Moyo ukamjaa. Amelipata neno kuu, alijiambia, sasa linamtoka lenyewe. Alijizuia hata kukohoa, asije akamkatiza. Saa moja ikapita, na ya pili ikakaribia kwisha, naye bado anatabasamu mbele ya ukuta.

Ndipo akagundua kwamba *tik* zinafuatana na pumzi. Mkewe akivuta pumzi, kimya. Akiishusha, *tik*.

Akageuka, kengele haijalia.

Kichwa kilikuwa kimelala kulia, shingo imeshindwa kukiinua. Kwa wepesi ule, pumzi peke yake ilitosha kukiinua kishale; na kila iliposhuka, kishale kilirudi kutulia pale chini, juu ya kile kitufe kikubwa, na herufi moja ikafutika. Skrini ilikuwa nyeupe. Juu kabisa lilisalia neno "Mwanangu", na wakati akipapasa nyuma ya kompyuta kuuchomoa waya wa kamera likabaki "Mwana". Mkewe alikuwa akimtazama. Machozi yalikuwa yameshakauka; alikuwa ameutazama mgongo wake muda wote huo.

Mume alijaribu kurudisha yaliyofutika. Kiprogramu kile cha bure kilikuwa kimehifadhi kila badiliko papo hapo, wala hakikujua kurudi nyuma. Akapiga magoti kando ya kiti.

"Nitajie mimi. Tuanze upya. Nitaandika nikiwa nimefumba macho, nitasahau kila kitu, nakuapia."

Macho yakafumba. Yakakaa yamefumba.

Jioni, jua lingali kwenye ncha za blanketi, binti akapiga simu ya video kama alivyozoea. Baba aliielekeza kwa mama, kama naye alivyozoea.

"Shikamoo mama. Baba, ile barua uliyonitajia, imefikia wapi?"

Mzee alimtazama mkewe. Macho yakafumba polepole.

"Hakuna barua, mwanangu."

Binti akaisogeza simu yake karibu na uso. Kisha sauti yake ikaja, ndogo zaidi.

"Na hizo taa usoni kwa mama ni za nini?"

Waya aliouchomoa ulikuwa wa kamera. Miwani alikuwa ameisahau. Aliinama akaichunguza kwa karibu kabisa, lakini kwa macho yake hakuona chochote kikiwaka.