Tatu Kasoro

Saada alitoka eda Ijumaa, na Jumatatu akarudi kazini, kwenye maabara ya maji mjini Morogoro. Wenzake walimpa pole. Alizipokea moja moja, akaziweka kando, akawasha kompyuta.

Sampuli iliyomsubiri ilitoka mlimani, kwenye chujio la mchanga alilolijenga marehemu mumewe, Halidi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho. Kaka wa marehemu, Mwinshehe, aliziteremsha chupa mwenyewe, na sasa alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia gotini, akingoja jibu. Chujio likifaulu, bomba litafunguliwa. Lisipofaulu, litabomolewa, na watu waendelee kunywa maji ya kijito.

Kanuni ilikuwa nyepesi: vijidudu vipungue kwa kugawanywa kwa kumi mara tatu, yaani logi tatu. Kabla ya kuchujwa, vilihesabiwa elfu moja; baada ya kuchujwa, kimoja. Saada aliingiza namba hizo katika programu aliyoiandika yeye mwenyewe alipokuwa mgeni kazini. Kioo kikajibu: HALIJAFAULU.

Alilisoma neno hilo, akangoja limchome. Halikumchoma. Alichosikia ni feni tu, ikizunguka.

"Vipi, shemeji?" Mwinshehe aliuliza.

"Limekosa."

"Kwa kiasi gani?"

Saada aliiamuru programu ioneshe namba kamili: 2.9999999999999996.

Mwinshehe aliinua shingo. "Tisa zote hizo, na bado hamjashiba?"

"Inatakiwa tatu. Hii ni tatu kasoro."

"Kasoro nini?"

"Kasoro kidogo sana."

"Kidogo hicho hata mchwa hakimtoshi. Kalamu si hiyo hapo? Jaza, niwahi gari."

Kalamu ilikuwepo kweli. Saada aliitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Nikijaza kwa mkono, shemeji, watu watakunywa huruma yangu, si maji yaliyopimwa."

"Ndiyo maana mlioana," Mwinshehe alinung'unika. "Na yeye alibomoa msingi wake mwenyewe kwa sababu umepinda upana wa kidole."

Saada alirudi kwenye kioo. Elfu moja ni kumi mara kumi mara kumi; hilo halihitaji mashine. Akayaacha maji ya Halidi pembeni, akaipa programu elfu moja tupu, isiyo na chupa wala kijidudu. Jibu likawa lile lile, tisa kwa tisa.

Basi kasoro haikuwa ya mchanga.

Alifungua mistari yake ya zamani, akaisoma taratibu. Alikuwa amechukua logi asilia ya namba, ile isiyohesabu kwa kumi, akaigawanya kwa logi asilia ya kumi. Kwenye karatasi njia hiyo ni sahihi. Lakini kila moja ya logi hizo ina mkia wa tarakimu usiokwisha, na kompyuta huukata pale nafasi yake inapoishia. Ukigawanya kilichokatwa kwa kilichokatwa, pengo dogo huweza kubaki. Lugha ile ya programu ilikuwa na amri yake maalumu ya logi ya kumi, na yeye hakuitumia. Akaiweka. Akajaribu mia, elfu, milioni. Zote zikakaa sawa. Ndipo alipozirudisha namba za Halidi.

3.0. LIMEFAULU.

"Kwa hiyo fundi hakukosea," Mwinshehe alisema polepole.

"Hakukosea. Nilikosea mimi."

Alimkabidhi jibu lililochapwa. Mwinshehe aliliangalia jina la mdogo wake, akaikunja karatasi kwa uangalifu, akaitia ndani ya kofia. Hakuondoka.

"Bado unaandika nini?"

"Kuna chujio la Gairo. Tulilikataa mwaka juzi kwa tatu kasoro hii hii. Huenda yapo na mengine."

Mwinshehe alimtazama. "Shemeji, tangu msiba sijakuona ukilia."

"Nitalia."

"Lini?"

Saada alifungua faili la Gairo, akaingiza namba ya kwanza.

"Nikimaliza haya."