Lebo Bila Maua

Uso wangu ulihitimu kabla yangu. Ulitundikwa kwenye lango la chuo wiki nzima kabla ya mahafali, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu kule Kamere, umevaa joho na kofia, unamchekea kila apitaye. Chini yake kulikuwa na maandishi: NANGILA AMEMALIZA. PENGO LIMEZIBWA.

Pengo lenyewe ni hili. Watoto wa watu kama mama yangu, wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, wanaingia chuoni wengi na kutoka wachache. Chuo chetu, hapa nje kidogo ya Nakuru, kiliona aibu, na chuo kikiona aibu hufungua ofisi. Ikafunguliwa Ofisi ya Kuziba Pengo, akawekwa Daktari Jepkemei, mwanamke mchangamfu asiyeweza kukaa bila kuandika ripoti. Simchukii. Ningemchukia ningepumzika.

Mwezi wa tatu alinipigia simu asubuhi.

"Nangila, kuja haraka. Photographer amefika na saa tano anaenda."

"Daktari, saa tatu niko na CAT ya udongo."

"Usijali kabisa. Nitaandikia Sitati barua akupatie ingine. Wewe vaa kitu ya rangi."

CAT ni ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, na bila alama zake somo halikamiliki. Nilijua hivyo. Lakini aliyeniita ndiye aliyeajiriwa kuhakikisha namaliza, nami nikaenda. Nikaazimwa joho, nikaambiwa nitazame mbali, kama mtu anayeiona kesho yake. Nilichokuwa naona ni dirisha la darasa letu, wenzangu wameinama wanaandika.

Barua iliandikwa kweli. Kila nilipouliza niliambiwa iko kwenye process, nikaridhika kama mjinga. Jumatatu ya wiki ya mahafali orodha ya wanaohitimu ikabandikwa. Nikaisoma mara tatu, jina langu halimo. Nikaenda kwa mwalimu wa udongo, Bwana Sitati.

"Barua gani?" akauliza. "Mimi nakuona tu hapo kwa gate."

Nikakimbia ofisini. Daktari Jepkemei akafungua ripoti yake ukurasa wa kumi na nane, akanionyesha kwa furaha. Barua ilikuwa pale. Si nakala, yenyewe, na sahihi ya kalamu na muhuri mwekundu, imetobolewa matundu mawili na kufungwa kwenye faili chini ya kichwa Misaada Iliyotolewa.

"Daktari, si hii ndio ilifaa ifike kwa Sitati?"

Akaugonga muhuri kwa kidole. "Lakini imepigwa stamp," akasema.

Tukakubaliana, yaani yeye aliamua nami nikaandika kwenye daftari, kwamba nitafanya CAT mwezi wa tatu ujao, nihitimu Desemba ya mwaka ujao.

"Na ripoti je? Mliandika sisi wote arobaini wa mashamba ya maua tumemaliza."

"Hiyo tume-sort. Tumekutoa kwa hao arobaini. Saa hii ni thirty-nine out of thirty-nine."

"Na ile picha ya gate?"

"Iache tu mpaka wageni waende. Imetoka poa sana."

Jioni nilimpigia mama nimweleze. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye: wamama wa kanisa wameshona sare za kitenge, shangazi Nanyama ametoka Bungoma na kuku wawili, watafika Ijumaa mapema. Nikasema sawa mama. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ijumaa walifika, vitenge vya kijani tupu. Mama aliniona langoni, namaanisha yule wa juu, akapiga vigelegele mpaka askari wa lango naye akaanza kupiga makofi. Walipiga picha chini yangu moja moja, kisha wote pamoja. Halafu mama akaomba kijitabu cha majina ya wanaohitimu.

Nilikuwa nimesahau kazi ya mama. Kule shambani yeye ni mkaguzi wa packhouse, banda la kufungashia maua: anashika kila boksi, anasoma lebo, kisha anafungua kuangalia ndani kama maua yapo. Akapitisha kidole kwenye majina polepole. Akarudia. Akainua macho akanitazama mimi wa chini, nikamwambia yote pale pale nikilia mbele ya vitenge vyote.

Hakunigombeza. Aliita wamama wawili warefu, wakaanza kufungua kamba za lile bango. Daktari Jepkemei akaja mbio, joho linapepea.

"Mama Nangila, tafadhali, wageni ndio hao wanaingia!"

"Madam, kwetu packhouse boksi ikiwa na lebo na haina maua, hatupakii. Tunarudisha."

"Lakini hiyo banner ni ya ofisi!"

"Tutawaletea. Siku atamaliza."

Mama akaukunja uso wangu kama mkeka, akaubana kwapani, na wageni wakapita kwenye lango tupu wakiuliza kama wamefika chuo chenyewe.

"Hiyo mtihani ni lini?" akaniuliza.

"Mwezi wa tatu, mama."

"Nitaomba off. Nitakaa kwa mlango ya hiyo darasa na kiti yangu. Mtu akikuita picha, aanze na mimi."