Mguu wa Mkwe Wangu

Katika ukoo wetu hakuna anayejua magari kunishinda mimi. Kuendesha ndiyo sijawahi, hata toroli. Lakini kiti cha mbele nimekikalia miaka yote ya ndoa yangu, na pua ninayo.

Mume wangu alipofariki, gari nililikabidhi kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, kwa sharti moja: akilitesa, funguo zirudi kwangu. Naye gari lile analipenda kuliko usingizi. Huliosha hata mvua ikinyesha.

Siku hiyo tulikuwa tunapanda kilima cha sokoni. Injini inanguruma kama simba, gari linakwenda kama konokono. Mtu wa mkokoteni, kapakia kabati la milango mitatu, akatufikia, akanisalimia, akauliza hali ya wajukuu mmoja mmoja, nikamjibu, akatupita.

"Mkwe," nikasema, "mbona makelele mengi na mwendo hamna?"

"Mama, gari hili lina adabu. Halipendi kuwapita watu wazima."

Mara ikaja harufu ya kuungua.

"Na hiyo?"

"Ni ndala zako, mama. Kwa jua hili, mpira lazima uyeyuke."

Nikavua ndala nikazitupa dirishani, ya kulia kwanza, kisha mwenzake. Harufu ikabaki palepale, kama mgeni asiyejua kuaga. Ndipo nikamwambia anyooshe gereji, na nikaingia huko peku.

Fundi alitukalisha kwenye benchi, bega kwa bega, akaingia garini. Akavuta breki ya mkono, akatia gia ya nne, akaachia klachi polepole.

"Klachi ingekuwa nzima, injini ingezima hapohapo," akasema.

Haikuzima. Iliendelea kuvuma, na gari limetulia tuli kama mbuzi aliyegoma.

"Ina moyo wa chuma," mkwe akanieleza.

"Klachi imekwisha," fundi akasema. "Na si uzee, maana mpya niliifunga mimi mwenyewe juzi juzi tu. Hii imeliwa na dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali ya klachi njia nzima."

Mkwe akakaa wima. "Hao ni madereva wengine. Mimi mguu wa kushoto huuweka kando, umetulia kama bibi harusi. Muulizeni hata mke wangu."

Fundi akakanyaga mafuta tena, asikilize vizuri. Injini ikanguruma, na chini ya benchi kiatu cha kushoto cha mkwe kikapanda juu ya mguu wangu, kikakandamiza, kikalegea kidogo, kikajipumzikia hapohapo.

Nikampa nafasi akiondoe. Kiatu hakikutoka.

"Fundi," nikasema, "ukishazima, funguo niletee mimi."

"Kwa nini tena, mama?" mkwe akauliza. "Si nimekwambia mguu wangu hukaa kando?"

"Tazama chini, mwanangu."

Akatazama. Hata kuuondoa akasahau.