Kidonge Kimoja, Kidato Kimoja

Fundi wa mapazia alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akikunja pindo la pazia la mteja, mapaja yake yalipoanza kuuma kama ya mtu aliyeshinda akibeba mawe. Alijiinua kwa kushika ukingo wa meza, akazitema pini kwenye kisahani, akaketi. Alijikandakanda kwa viganja, akajiambia kuwa amepiga magoti vibaya, akarudi kwenye pindo lake.

Duka lake lilikuwa chini ya jengo, mlango ukitazama barabara. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya jengo hilohilo, ghorofa ya nne, alikoishi na mdogo wake wa kike tangu alipofiwa na mume. Mumewe alikuwa mtu wa siha ya kupigiwa mfano, asiyejua hata dawa ya kichwa ina ladha gani, mpaka asubuhi alipoinama kutafuta soksi chini ya kitanda na hakuinuka tena. Moyo, walisema. Tangu siku hiyo fundi aliuogopa moyo wake mwenyewe kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani: hajawahi kumng'ata, lakini huwezi kujua ameamkaje. Kwa hiyo daktari alipomwambia kuwa ana mafuta mengi kwenye damu, akamwandikia kidonge kimoja kila jioni baada ya chakula, fundi hakuuliza swali hata moja. Alimeza.

Asubuhi baada ya maumivu yale, aliposhuka kwenda dukani, alikanyaga kidato cha ngazi asichokijua. Kilikuwa cha kwanza kabisa, pale nje ya mlango wake, na saruji yake ilikuwa mbichi. Kiatu kilizama kidogo. Alirudi ndani kubadilisha viatu, akamwambia mdogo wake akitoka apite pembeni mpaka kikauke.

Mwenye nyumba aliitwa. Alikuja, akakitazama kile kidato, akakigonga kwa ufunguo, akasema hakumtuma fundi yeyote, lakini aliyekijenga anajua kukoroga. Kesho yake kikaongezeka kingine. Keshokutwa, kingine. Kila asubuhi kulikuwa na kidato kipya mlangoni, na kila asubuhi mapaja ya fundi yalikuwa mazito kuliko jana. Na kwa kuwa ngazi haziwezi kuishia hewani, nyumba nayo ilipanda pamoja nazo. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ukuta ulirefuka kama shingo ya mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alilalamika kwamba zamani alikuwa akiwasikia wale dada wawili wakigombana juu ya dari yake, jambo lililomsaidia kupata usingizi wa mchana, na sasa hasikii kitu.

Aliyegundua chanzo ni mdogo mtu. Alikuwa amefanya kazi posta maisha yake yote, na ulimi wake, kama ndimi nyingine zote, haukuwa na mfupa, ila wake haukuwa na breki pia. Kuna jioni umeme ulikatika, wakala gizani, na dada yake akasahau kidonge. Asubuhi hakukuwa na kidato kipya.

"Dada," alisema, "ngazi hizi unazimeza wewe."

Fundi alisema hilo ni neno la mtu asiye na kazi. Lakini jioni ile walichukua kisu cha kukatia ndimu, wakakipasua kidonge katikati, na fundi akameza nusu. Asubuhi palikuwa na nusu ya kidato, chembamba kama kitabu, na mbeba mitungi ya gesi alijikwaa nacho, akatukana kwa sauti ya chini, kama mtu anayeheshimu nyumba ya watu. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala.

Wakaenda kwa muuza dawa wa mtaani, mwanamke mdogo kwao kiumri. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Alisema dawa yenyewe ni nzuri na imewaokoa wengi, wala asiiache kienyeji, lakini misuli ya watu wengine haielewani nayo. Mambo ya ngazi hakuwahi kuyasikia, ila hawezi kubisha, miili haifanani. Zipo aina nyingine, zipo dozi ndogo zaidi. Aende akamuulize daktari.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza, kompyuta, na dirisha lililoingiza jua moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta, kiasi kwamba daktari alikuwa amekunja uso na kuinamisha kichwa ili aone. Alisema, bila kugeuka, kwamba namba zimeshuka vizuri sana. Kwa mwaka mzima hajapata mgonjwa mtiifu kama huyu. Fundi alisema anashukuru, lakini mapaja yanamuuma na ngazi za nyumbani zinaongezeka. Daktari alisema hiyo ni kawaida, kila anayefikia umri fulani huona ngazi zimeongezeka.

"Hizi zinaongezeka kwa saruji," alisema mdogo mtu.

"Ni umri."

"Umri haukorogi saruji, daktari."

Fundi alimkanyaga mdogo wake chini ya meza. Akauliza, kwa adabu zote alizofunzwa, kama hawezi kujaribishiwa dawa ya aina nyingine, au hii hii ikapunguzwa, maana amesikia kwa muuza dawa kuwa inawezekana. Daktari akauliza huyo muuza dawa alihitimu udaktari lini. Halafu akalainisha sauti, na sauti laini ndiyo iliyouma zaidi.

"Mama, unataka kumfuata mumeo?"

 Fundi alitazama mikono yake. Mdogo wake naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikosa la kusema. Daktari akachapa dozi ileile, na alipoona kimya kimezidi akakumbuka kazi ya mgonjwa wake, akaagiza pazia la lile dirisha, kwa sababu jua linamzuia kuona wagonjwa wake vizuri. Kidole chake kilikuwa kinaonyesha kompyuta.

Basi fundi akaendelea kumeza, na nyumba ikaendelea kupanda. Ilifika mahali kushuka dukani kukawa safari, mtu akitoka anaagwa. Wakapandisha cherehani juu kwa kamba, kichwa chake siku moja, meza yake siku nyingine, na mapazia yaliyokamilika yakawa yanateremshwa kwenye kapu. Kazi ilipungua, kwa sababu wateja wengi hupenda kushika kitambaa na kukitilia shaka kabla ya kulipa, na huwezi kumtilia shaka mtu aliye juu kiasi kile. Fundi alishona akiwa amenyoosha miguu juu ya stuli, mito miwili chini ya magoti. Usiku alisikia misuli ikikaza kama kamba inayosokotwa. Faida hazikukosekana. Nguo zilikauka kabla hujamaliza kuzianika, na mawingu yalipopita jikoni mdogo mtu alikuwa anayatumia kulainisha nguo za kupigwa pasi. Mwenye nyumba alifuta neno "nyumba" kwenye kibao cha nje akaandika "mnara".

Jioni moja, fundi akiwa na kidonge kiganjani na bilauri ya maji mkononi, alisikia mtu anakohoa juu ya dari. Juu ya dari yao hakuna aliyewahi kuishi.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Wewe umewahi kumsikia nani mwingine akikohoa hivi?" ilijibu sauti ya mumewe.

Fundi aliweka bilauri chini, akavuta kiti karibu na pale sauti ilipotokea. Waliulizana hali. Mume alisema anaendelea, isipokuwa soksi ile hakuipata. Alitaka kujua imekuwaje wamesogeleana hivi, kwa kuwa alipoondoka hapo kati palikuwa na nafasi kubwa. Mkewe akamweleza yote: mafuta ya kwenye damu, kidonge, mapaja, saruji, na lile neno la daktari. Mume akapiga hesabu.

"Kwa hiyo unameza ili usinifuate."

"Ndiyo."

"Na kila ukimeza unanisogelea."

"Ndiyo hivyo."

Alicheka mpaka vumbi la dari likaanguka ndani ya bilauri. Fundi naye akacheka, halafu akalia kidogo, kwa sababu hakuwa amemsikia akicheka kwa muda mrefu. Mume alingoja amalize.

"Mke wangu," alisema, "usije kwa haraka. Huku hakuna madirisha. Utashona nini? Kamuulize tena huyo daktari."

Fundi alisema ameshamuuliza. Mume akasema alimuuliza kulekule kliniki kwake, na mtu akiwa kwake ana majibu yote. Mwite apande. Pazia lake usiliteremshe kwa kapu, mwambie lazima aje kuchagua rangi mwenyewe.

Daktari alikubali. Alifika kabla ya mchana, akiwa amevaa tai, akaanza kupanda huku akipiga mluzi. Mwalimu mstaafu, ambaye siku hizi alikuwa ameweka benchi mlangoni kwake kwa ajili ya wapandaji, alisimulia baadaye kwamba daktari alipita hapo akikataa maji, akisema anakwenda ghorofa ya juu tu. Mwalimu akamwambia hata yeye ndiko anakomwombea afike.

Aligonga mlango alasiri. Viatu vilikuwa mkononi, tai mfukoni, na shati lilikuwa limelowa kwa sababu wingu lilimkuta kwenye kona ya ngazi. Midomo ilikuwa myeupe. Mdogo mtu alimpa kiti na maji, na kwa heshima ya mgeni hakusema lolote, jambo lililomgharimu. Walingoja pumzi yake irudi. Alikunywa, akaomba tena, akanywa.

"Daktari," alisema fundi, "ngazi umeziona?"

"Nimeziona, mama." Alikuwa ameshika mapigo ya mkono wake mwenyewe. "Ni nyingi."

"Na mapaja?"

"Yanauma. Yanauma sana."

Dada wawili hawakutazamana, wasije wakaharibu. Hata juu ya dari palikuwa kimya, mtu amebana kikohozi chake kama anayesikiliza matokeo ya uchaguzi. Daktari aliyatazama magoti yake kwa muda mrefu, kama mtu anayewatazama watoto aliowasomesha wakamwangusha.

"Itakuwa ni umri," alisema. "Mwaka huu natimiza hamsini."

Kikohozi kikatoka. Daktari akainua kichwa, akauliza nani yuko juu. Fundi akamwambia ni mumewe. Daktari alisema alidhani amefariki. Fundi akasema ndiyo, amefariki.

"Hicho kikohozi si kizuri," alisema daktari. "Aje kliniki."

Kisha, pumzi ikiwa imemrudia pamoja na sauti yake ya kazini, alieleza kwamba sasa ameelewa kwa nini namba za mama zinapendeza. Mtu anayepanda ngazi kama zile kila siku moyo wake hauwezi kuwa legelege. Dawa na ngazi vinasaidiana. Itakuwa dhambi kubadilisha kitu kinachofanya kazi vizuri hivi. Fundi alifungua mdomo, akauliza lile swali lake tena, neno kwa neno, polepole: hakuna dawa nyingine, hakuna dozi ndogo? Daktari alisema ni swali zuri na kwamba watalizungumza siku akija na vipimo vipya. Akachagua pazia la kijivu, akalitia begani, akaanza kushuka kwa mgongo, akishika ukuta.

"Mwache," alisema mume kutoka juu. "Angalau amekuja."

Habari zilizofuata zililetwa kwa simu na nesi wa kliniki, aliyekuwa rafiki wa mdogo mtu tangu enzi za posta. Pazia limependeza, na daktari sasa anaiona kompyuta vizuri kabisa. Yeye mwenyewe amejipima damu na ameanza kidonge kilekile. Tangu hapo analalamika kuwa kutoka kitandani kwake hadi mlangoni kumekuwa mbali, siku nyingine mkewe anamfungia chakula cha njiani, lakini anasema ni umri. Nesi akaongeza kuwa vipimo vipya vya dada vinahitajika, swali lake litazungumzwa siku hiyo.

Fundi akajitayarisha. Alishona begi la mgongoni kwa mabaki ya pazia la kijivu, akatia mkate, maji, mto, na vidonge vyake, maana hofu ya moyo ilikuwa bado haijamwisha na alikuwa ameapa hataacha dawa kienyeji. Mumewe alimtakia safari njema. Mdogo wake alimsindikiza hadi kona ya kwanza, akarudi juu kwa sababu mchuzi ulikuwa jikoni.

Siku ya vipimo simu ikalia. Alikuwa nesi, akiuliza mbona mama hajaonekana, na zamu yake ilikuwa asubuhi ile, na daktari anamngoja ampongeze.

"Ameshatoka," alisema mdogo mtu.

"Ametoka saa ngapi?"

"Juzi."

Nesi alisema sawa, ataandika kuwa yuko njiani. Ila amwambie akaze mwendo, kwa sababu daktari hapendi wachelewaji, na anayechelewa anaanza foleni upya.